Berlin, Ijumaa Hadi Jumapili: Laini Mbili za Treni na Viatu Vizuri

Kundi la marafiki linapokutana Berlin wikiendi, kosa la kwanza huwa ni kudhani mji una katikati moja. Hauna. Berlin ina kilomita za mraba 891, ukubwa unaoweza kuimeza Paris ya ndani mara nane na nafasi ikabaki. Ukiandika orodha ya vivutio 15 na kuvifuata kimoja kimoja, Jumamosi nzima inaishia kwenye ngazi za vituo vya treni.

Ratiba hii inashika laini mbili tu za treni ya chini ya ardhi: U6 Jumamosi na U8 Jumapili. Zote mbili zinakata mji kutoka kaskazini kwenda kusini. Enzi za Ukuta uliougawa mji, zote zilikuwa treni za Berlin Magharibi zilizopita chini ya Berlin Mashariki bila kusimama, isipokuwa Friedrichstraße. Abiria waliona vituo vyenye giza na walinzi, treni ikapunguza mwendo, ikapita. Leo milango inafunguka kila kituo, na kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo la ziada: ukipanda juu barabarani unakutana na Lindi, Dar es Salaam, Moshi na vita vya Maji Maji. Watu wengi wanaoishi Ujerumani miaka mitatu au minne wameshapiga picha langoni Brandenburg mara tano, na haya hawajawahi kuyaona.

Kabla ya kuondoka

Mambo mawili hayasubiri wiki ya safari. La kwanza ni kujiandikisha kuingia kuba la kioo la Bunge, Reichstag. Kuingia ni bure, lakini kila mgeni lazima aandikishwe kwenye tovuti ya Bunge (Bundestag), jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Hapa ndipo makundi yetu hukwama: mmoja anawaandikisha wenzake kwa majina anayowaita kila siku, pasipoti zina majina matatu kwa mpangilio mwingine, na mlangoni karatasi na pasipoti havilingani. Omba kila mtu atume picha ya ukurasa wa pasipoti, nakili herufi kwa herufi, kisha futa picha hizo. Nafasi za jioni ya Jumamosi huwahi kuisha, na kuna siku kuba hufungwa kwa usafi, kwa hiyo tazama tarehe kabla ya kuwaahidi watu.

La pili ni saa. Tiketi ya Kijerumani inaandika 14:30, rafiki anaandika kwenye WhatsApp "saa nane na nusu", mwingine ambaye amezoea kuishi Kijerumani anasema "saa kumi na nne na nusu", na kuna atakayekuja saa mbili na nusu. Kanuni ni kupunguza 6. Jibu likizidi 12, punguza 12 tena. 20:15 ni saa 2 na robo usiku. Afadhali zaidi, kubalianeni tangu mwanzo kwamba muda wa treni utaandikwa kwa tarakimu kama ulivyo kwenye tiketi, na mazungumzo mengine yabaki ya Kiswahili. Katika simulizi hii saa zote ni za Kiswahili.

Anayekuja kutoka nchi nyingine ya Schengen abebe pasipoti yenyewe pamoja na kadi ya ukazi. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na polisi huingia kwenye mabasi na treni. Picha ya pasipoti kwenye simu haisaidii kitu hapo.

Ijumaa

Wengi hufika kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku. Treni ikichelewa, usikae tu ukinung'unika. Ikionekana utafika ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, ile tiketi ya bei nafuu inayokufunga kwa treni moja inafunguka, na unaweza kupanda nyingine. Ukifika umechelewa dakika 60 unarudishiwa robo ya nauli, dakika 120 nusu. Dai hufanywa kwenye programu ya simu ya shirika la reli, kwa hiyo usifute tiketi.

Kituo kikuu, Hauptbahnhof, kina ngazi mbili za reli: majukwaa 1 hadi 8 chini kabisa, na 11 hadi 16 juu. Kusema "tukutane Hauptbahnhof jukwaani" ni kuwatafutia wenzako nusu saa ya kupandishana na kushushana. Taja mlango: wa Washingtonplatz, upande wa mto na Bunge, au wa Europaplatz, upande wa tramu. Wanaokuja kwa basi la masafa hushuka stendi ya ZOB magharibi mwa mji, ambako U2 ya kituo cha Kaiserdamm ipo karibu.

Sasa tiketi za mjini. Kanda ni tatu, A, B na C. Kila kitu cha ratiba hii kiko ndani ya AB. Uwanja wa ndege wa BER uko C, na anayetoka huko na tiketi ya AB amepanda bila tiketi. Mwenye Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa mijini na mikoani kwa nchi nzima, ambayo tangu Januari 2026 ni yuro 63 kwa mwezi, hahitaji kununua kingine, ila tiketi hiyo ni ya mtu mmoja kwa jina lake, na simu ikizima chaji ni kama hana. Anayeinunua kwa ajili ya wikiendi hii tu akumbuke kwamba ni usajili unaojirudia: kuusitisha ni hadi tarehe 10 ya mwezi, la sivyo mwezi unaofuata unakatwa tena. Wasio nayo wanunue tiketi ya saa 24. Ipo pia ya kundi dogo, hadi watu 5 kwa tiketi moja. Ni nafuu, ila inawafunga pamoja: wawili wakitaka kurudi kulala na tiketi iko mfukoni mwa wa tatu, mmeshatengana na nauli yenu.

Tiketi ya karatasi inayotoka kwenye mashine lazima igongwe muhuri kabla ya kupanda, kwenye kisanduku kidogo kilichosimama jukwaani. Ingiza mwisho wenye nafasi tupu, sikiliza mlio, toa, tazama kama tarehe na saa vimechapwa. Gonga mara moja tu. Berlin haina vizuizi vya kuingilia, na hilo ndilo linalowaponza wageni. Wakaguzi wengi huvaa nguo za kawaida, huketi kama abiria, na mlango ukishafungwa ndipo hutoa kitambulisho. Faini ni yuro 60, na "sikujua" hawaipokei, hata ukiwa na tiketi safi uliyoinunua dakika tano zilizopita bila kuigonga.

Mizigo ikishawekwa, jioni hii haina haja ya kitu kizito. Nenda kituo cha Zoologischer Garten, panda basi namba 100 la ghorofa, kaa juu mbele. Kabla ya kupanda tazama mnara uliovunjika wa kanisa la Kaiser Wilhelm, lililopigwa mabomu Novemba 1943 na kuachwa hivyo makusudi. Laini ya 100 ilianzishwa 1990, mji ulipoungana, na kwa tiketi ya kawaida inapita mnara wa Siegessäule, ikulu ya Bellevue, Bunge, Unter den Linden na kisiwa cha makumbusho hadi Alexanderplatz. Ni kama nusu saa hivi. Wanaolipia basi la watalii kwa njia hiyohiyo wananunua tu maelezo ya vipokea sauti.

Usiku wa Ijumaa na Jumamosi treni za U hazilali, hupita kila dakika 15 hivi. Siku nyingine zinasimama na mabasi ya usiku yanachukua nafasi.

Jumamosi: U6

Saa 3 asubuhi tunaanzia mbali, kituo cha Rehberge, mtaa wa Wedding. Panda ngazi na uko Afrikanisches Viertel, Mtaa wa Afrika. Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße, Kameruner Straße, Togostraße: majina mengi yaliwekwa kusherehekea makoloni, si kuwaheshimu wenyeji wake. Karibu na kituo kuna kibao cha maelezo chenye pande mbili na maandishi mawili, kwa sababu halmashauri na vyama vya kiraia walishindwa kukubaliana juu ya maandishi mamoja. Soma pande zote mbili.

Tembea hadi Manga-Bell-Platz. Barabara inayoingia na kutoka hapo iliitwa Petersallee tangu 1939, kwa heshima ya Carl Peters, yule ambaye pwani na bara walimpachika jina Mkono wa Damu. Mwaka 1986 halmashauri ilijaribu njia ya mkato: jina likabaki, wakatangaza tu kwamba sasa ni la Peters mwingine, Hans. Haikumridhisha mtu aliyeijua historia. Tarehe 23 Agosti 2024 jina liliondolewa kabisa. Kipande cha upande wa Müllerstraße sasa ni Anna-Mungunda-Allee, la mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek 10 Desemba 1959. Kipande cha pili ni Maji-Maji-Allee. Simama chini ya kibao hicho. Ni kibao cha kawaida cha Berlin, cheupe chenye herufi nyeusi, kimebana kwenye nguzo kama vingine vyote, na kinasomeka kwa Kiswahili bila mkalimani. Watu wa hapo wanapokea barua na vifurushi kwa anwani ya vita vilivyopiganwa 1905 hadi 1907. Uwanja wenyewe nao ulibadilishwa, Desemba 2022, kwa jina la Rudolf Duala Manga Bell na mkewe Emily; mfalme huyo wa Waduala alinyongwa na Wajerumani 8 Agosti 1914.

Saa moja inatosha hapa. Ni mtaa wa watu kulala na kulea watoto, kwa hiyo picha za vibao ni sawa, picha za madirisha ya watu si sawa.

Saa 4:15 rudi U6, vituo sita kwenda kusini, shuka Naturkundemuseum. Jumba la Makumbusho ya Asili hufunguliwa saa 4 asubuhi Jumamosi na Jumapili, na hufungwa Jumatatu. Nunua tiketi ya muda mtandaoni. Siku ya mvua foleni ya familia zenye watoto hufika nje. Mabegi ya mgongoni hayaingii ukumbini.

Mlango wa kwanza tu, huyo hapo: mjusi wa Tendaguru, kilima cha Lindi. Jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan brancai, zamani Brachiosaurus, kimo mita 13.27, mifupa ya dinosaria yenye kimo kikubwa kuliko yote iliyosimamishwa duniani. Usianze na kichwa kama kila mtu. Nenda mguu wa mbele, tafuta mfupa wa juu kabisa wa mguu huo. Peke yake unazidi mita 2. Mchezaji wa mpira wa kikapu akisimama kando yake bado ni mfupi. Linganisha sasa na mguu wa nyuma, uone jinsi mbele kulivyo juu zaidi, mgongo ukiteremka kama wa twiga. Miguu ni mifupa halisi. Pingili za shingo na mgongo ni nakala, kwa kuwa za asili ni nzito na dhaifu mno kuning'inizwa.

Vibao vinaeleza msafara wa 1909 hadi 1913. Weka akilini kwamba ilikuwa miaka miwili tu baada ya Maji Maji, katika nchi ileile ya kusini iliyokuwa imechomwa mashamba. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi kwa miguu kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na ujuzi wake wa kutambua na kutoa mifupa ardhini ndio uliookoa mingi. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Karibu miaka mia moja imepita kabla ya kupewa hata hiyo. Ukumbini humo angalia pia Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, naye ni wa Lindi.

Picha ya mjusi mzima haipatikani ukiwa karibu. Rudi nyuma hadi mlangoni, shusha simu usawa wa goti, iinue kidogo. Saa mbili zinatosha kwa jumba lote.

Chakula cha mchana kiwe cha kusimama, döner inauzwa kila kona, kisha U6 vituo vinne hadi Stadtmitte. Kituo kinachofuata, Kochstraße, ni cha Checkpoint Charlie, kivuko cha zamani cha mpaka wa Ukuta. Binafsi ningekipita. Kibanda cha hapo ni nakala, na msongamano ni wa kupiga picha tu. Mwenye hamu ya historia hiyo atembee hadi Topographie des Terrors, pana kipande halisi cha Ukuta na maonyesho ya bure kila siku.

Kutoka Stadtmitte fuata magharibi barabara ya Anton-Wilhelm-Amo-Straße. Ramani za zamani zinaiita Mohrenstraße, neno la dharau kwa mtu mweusi. Jina lilibadilishwa Agosti 2025 baada ya kesi ndefu mahakamani. Amo alizaliwa Axim, Ghana ya leo, akawa mwanafalsafa na mwalimu wa vyuo vikuu vya Ujerumani karne ya 18. Barabara inaishia Wilhelmstraße. Tafuta namba 92.

Hapa wageni hupotea, wakitafuta jumba. Hakuna jumba. Kuna nyumba za ghorofa za kawaida na kibao kimesimama kando ya njia, rahisi kukipita ukiwa unaongea. Hapa ndipo ulipokaa Mkutano wa Berlin, 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Mara nyingi husemwa kwamba mipaka yote ya Afrika ilichorwa mezani hapo. Si hivyo hasa, mkutano uliweka kanuni za kugawana na mistari mingi ikaja baadaye kwa mikataba. Lakini tazama tarehe hii: 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Carl Peters alipewa hati ya Kaiser ya kulinda "mikataba" yake ya Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Ukiwa umetoka Maji-Maji-Allee asubuhi, siku inajifunga yenyewe hapo barabarani.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kaskazini hadi kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, nguzo zaidi ya 2,700 za zege, iliyofunguliwa 2005. Ingieni mmoja mmoja, ardhi inashuka na nguzo zinakua hadi kukuzidi kimo. Hakuna kupanda juu ya nguzo, hakuna picha za kurukaruka. Watu wengi walioaibishwa mtandaoni walipigia picha zao hapo. Lango la Brandenburg, la 1791, liko jirani. Mkiwa barabarani angalieni chini: mistari miwili ya mawe iliyolazwa kwenye lami ndiyo njia ya Ukuta.

Bunge lipangwe saa ya machweo, na machweo ya Berlin yanahama sana. Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni, Juni ni saa 3 na nusu usiku. Fika dakika 15 kabla, pasipoti mkononi, kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege. Kuba la Norman Foster lilifunguliwa 1999, upana mita 40, na njia yake inazunguka taratibu hadi juu. Ukiwa na hili la bure, mnara wa televisheni wa Alexanderplatz, mita 368, unaweza kuutazama ukiwa chini tu.

Kabla ya kulala, nunueni maji, mkate na matunda ya kesho. Jumapili maduka makubwa yamefungwa Ujerumani nzima. Yanayofunguliwa ni ya ndani ya vituo vikubwa kama Hauptbahnhof, Ostbahnhof na Friedrichstraße, na foleni zake huziwezi. Chupa za plastiki msizitupe, nyingi zina amana ya senti 25.

Jumapili: U8

Asubuhi anzeni na treni ya S hadi Nordbahnhof, sio U8 bado. Ndani ya kituo kuna maonyesho ya vile vituo vilivyozimwa. Tokeni nje na mtembee Bernauer Straße kuelekea mashariki. Kumbukumbu ya Ukuta ni ya wazi, bure, ina urefu wa kilomita 1.4. Penye Ukuta halisi utaona zege. Penye pengo, nondo zenye kutu zimesimamishwa kuonyesha mstari. Nyumba ya kumbukumbu ina mnara: kutoka juu unaona kipande kimoja kilichoachwa kamili, Ukuta wa mbele, ukanda wa mchanga, taa, Ukuta wa nyuma. Picha za ardhini hazielezi kwamba Ukuta ulikuwa ukanda mzima. Nyumba hiyo hufunguliwa saa 4 asubuhi na hufungwa Jumatatu. Watu wasiopungua 140 walikufa kwenye Ukuta wa Berlin kati ya 1961 na 1989.

Mauerpark, mbele kidogo, ina soko la mitumba kila Jumapili. Nenda na pesa taslimu. Na kote mjini, ile njia nyekundu pembeni mwa barabara ni ya baiskeli. Ukisimama juu yake kupanga picha ya pamoja, kengele utakayoisikia haina upole.

Rudini Brunnenstraße, shukeni kusini dakika 10 hadi namba 193. Tazameni chini. Kati ya mawe ya njia kuna bamba la shaba la sentimita 10 kwa 10, jiwe la kumbukumbu la Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904 kwa jina Mahjub bin Adam Mohamed, akawa askari mtoto wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza, akaja Berlin 1929 kudai mshahara ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Alikuwa mhudumu wa mkahawa, mwigizaji wa filamu, na alifundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa, akafa kambi ya Sachsenhausen 24 Novemba 1944. Bamba hufifia kwa nyayo na mvua. Kitambaa kikavu kinatosha kulifuta, na ni desturi kufanya hivyo. Ili kusoma maandishi lazima uiname.

Sasa U8, kutoka Rosenthaler Platz hadi Hermannplatz. Dakika chache kwa miguu kuna Lucy-Lameck-Straße. Hadi 2021 iliitwa Wissmannstraße, kwa jina la aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri. Lucy Lameck wa Moshi alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa naibu waziri Tanzania. Ni barabara fupi, kando ya bustani ya Hasenheide.

Kituo kimoja mbele, Boddinstraße, fuateni Herrfurthstraße moja kwa moja hadi geti la Tempelhofer Feld. Uwanja wa ndege uliolisha Berlin Magharibi 1948 na 1949 ulifungwa 2008, sasa ni bustani, na njia ya kurukia ndege ya kilomita 2 hivi ni ya watembea kwa miguu na baiskeli. Upepo ni mkali hata siku ya jua, vaeni koti. Mageti hufungwa jua likizama. Kaeni hapa mle ile mikate ya jana.

Kurudi Hauptbahnhof ni U8 hadi Alexanderplatz, kisha S3, S5, S7 au S9. Tengeni dakika 45 mkiwa na mizigo. Wikiendi ni msimu wa matengenezo ya reli, na kipande kinaweza kubadilishwa na mabasi yaliyoandikwa SEV, kwa hiyo tazama programu ya BVG, shirika la usafiri wa mjini, asubuhi na tena kabla ya kuondoka uwanjani. Jukwaani, soma kwenye ubao herufi ya sehemu ambako behewa lako litasimama, A hadi G, na uisome tena dakika ya mwisho: mpangilio wa mabehewa ukigeuzwa, watu mia mbili hukimbia pande mbili kwa wakati mmoja, na mlango unafungwa kabla ya saa iliyoandikwa.